DAR–MWANZA NI LISAA LIMOJA NA NUSU, SASA ISSENYE NI MASAA MANGAPI?

Leo tunaweka umbea pembeni kidogo, tunaingia kwenye historia. Usikimbie, humu kuna mpaka stori ya ndege iliyotoka Mwanza kwenda Dar ikajikuta Uingereza. Kaa mkao wa kula.

Kilichoniwasha ni staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, aliyeposti video yuko Seronera, miwani usoni, twiga nyuma. Maneno yake yalikuwa mafupi: nimetoka Arusha lisaa limoja tu. Watu wakamiminika, Serengeti ni karibu hivyo? Nikacheka peke yangu. Mimi kwetu ni Issenye, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Kutoka Issenye mpaka kiwanja alichoshukia staa wetu haifiki hata kilomita 100, na nina ndugu wamezeeka pale hawajawahi kukanyaga hicho kiwanja. Sasa nani yuko karibu na Serengeti, yeye au bibi yangu?

Swali hilo ndilo limenifanya nichimbe. Twende mdogo mdogo.

KWANZA, HESABU

Ukiandika kwenye simu umbali wa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mpaka wa Mwanza, utapewa namba inayocheza kwenye kilomita 850. Huo ni mstari ulionyooka, kama kunguru angeamua kwenda bila kugeuka. Barabara haiendi hivyo. Basi linapita Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, na kilomita zinavuka 1,100. Reli ndiyo ndefu zaidi, Dar mpaka Mwanza kwa njia ya Tabora inafika kama kilomita 1,200.

Kwa hiyo kabla hatujagusa mwendokasi, ndege imeshakukatia kilomita zaidi ya 250 kwa kunyoosha njia tu.

Muda nao una mambo yake. Wengi wanadhani unachukua kilomita unagawa kwa spidi, basi. Ndege ya injini za jeti, kama Airbus A220 za Air Tanzania, ikiwa juu inaweza kukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Kwa hesabu ya darasani Mwanza ni lisaa limoja na kidogo. Lakini tiketi itakuandikia lisaa limoja na nusu hivi. Hizo dakika nyingine zinaenda wapi? Zinaenda kwenye kutambaa chini mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda taratibu, kupunguza mwendo, na kuzunguka kujipanga kutua. Wakati mwingine upepo unakuja usoni. Ndege za mapangaboi nazo ni za taratibu zaidi. Q400 inakimbia karibu kilomita 650 kwa saa, ATR ni kama 500. Njia ni ile ile, angani ni pale pale, lakini ukipanda ATR jiandae kwa karibu masaa mawili.

Hiyo ndiyo hesabu ya leo. Sasa rudi nyuma na mimi.

ENZI YA MIGUU

Ukikaa na wazee wa ukanda wetu, yaani Waissenye, Wanata, Waikoma, Wangoreme, ukawauliza habari za njaa, kuna moja wanaitaja kwa jina lake: Njaa ya Miguu. Ilikuwa miaka ya 1890. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ilikuwa imeingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka hiyo na kufyeka mifugo na nyumbu porini. Maradhi ya watu yakafuata, mvua ikagoma. Watu wakafunga vitu vyao wakaanza kutembea kwenda Usukuma kutafuta chakula.

Ona jinsi walivyoipa jina. Hawakuiita njaa ya mtama au njaa ya ukame. Waliipa jina la kile kilichowaokoa wale waliookoka, miguu. Wakati huo swali la "Usukuma ni umbali gani" lilijibiwa kwa siku za kutembea, na kwa kuuliza kama mtoto uliyembeba mgongoni atafika.

Shika hiyo, tutaihitaji mbele.

MWANZA ILIPOKUWA MWISHO WA DUNIA

Hii hapa ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Unajua kuna kipindi ndege kutoka London ilikuwa inakuja mpaka kanda ya ziwa? Sio Dar, sio Nairobi. Mwanza!

Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Uingereza lililoitwa Imperial Airways lilianzisha safari ya kila wiki kutoka kiwanja cha Croydon, London, mpaka Mwanza. Waingereza walikuwa wanataka njia ya anga ya kuunganisha makoloni yao kutoka Misri mpaka Cape Town, na kipande cha kwanza kiliishia hapa kwetu, kwenye Ziwa Victoria.

Kwa nini Mwanza? Sababu ni maji. Kuanzia Khartoum kuja kusini walitumia ndege zenye tumbo kama boti, zinazotua juu ya maji. Kujenga viwanja porini ilikuwa kazi na gharama, lakini mto Nile upo na ziwa lipo, kiwanja cha bure kutoka kwa Mungu. Mwanza pia ilikuwa na bandari, na reli kutoka Tabora ilikuwa imefika mwaka 1928. Barua ikishuka kwenye ndege inapanda treni.

Safari yenyewe usipime. London mpaka Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 6,750. Leo ndege ya moja kwa moja ingemaliza ndani ya masaa tisa hivi. Wao walitumia zaidi ya wiki nzima! Ndege za wakati ule zilikuwa za taratibu, haziruki usiku, na kila baada ya masaa machache zinashuka kunywa mafuta. Unabadilisha ndege njiani, na kipande cha Misri kati ya Alexandria na Cairo unapanda hadi treni.

Hata hivyo kwa meli ilikuwa ni wiki kadhaa, kwa hiyo kwa ofisa wa kikoloni aliyesubiri barua, huo ulikuwa muujiza.

Ila utukufu wa Mwanza haukufika hata mwaka. Januari 1932 njia ikarefushwa mpaka Cape Town, na ilipofika Kisumu ikakata kwenda Nairobi, ikashuka Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikaachwa pembeni. Mji uliokuwa kituo cha mwisho cha London ukarudi kuwa mji wa kwenda kwa meli na treni.

Nimejifunza kitu hapo. Ramani haikubadilika, ziwa halikuhama. Mwanza ilikuwa karibu na London wakati kuna mtu mwenye hela anataka iwe karibu. Alipobadilisha mawazo, ikawa mbali tena.

NDEGE YENYE MISTARI YA PUNDAMILIA

Tuje upande wa nyumbani sasa. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mwanzoni mwa 1958 baba mmoja wa Kijerumani na mwanawe, Bernhard na Michael Grzimek, walikuwa wanazunguka juu ya nyika hizi na kindege chao aina ya Dornier walichokipaka mistari ya pundamilia. Walikuwa wanahesabu wanyama kutoka angani, na wakahesabu zaidi ya 360,000.

Fikiria uko Issenye mwaka 1958, unachunga, unaona pundamilia anapita hewani!

Michael hakurudi kwao. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ilimgonga tai ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24. Umri wa wengi tunaosoma hapa. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao kuhusu Serengeti ikashinda tuzo ya Oscar mwaka 1960, dunia nzima ikaijua Serengeti.

Lakini hesabu ile ilikuwa na upande wa pili. Kutoka juu unaona nyumbu vizuri sana, wanaonekana kama siafu. Usichokiona ni njia ya mtu, kisima cha ukoo, mti wa matambiko, mahali ambapo babu wa fulani aliweka mzinga. Mipaka ya hifadhi ilichorwa upya mwaka 1959, na mapori ya akiba yakaja kuongezwa baadaye upande wetu wa magharibi, Grumeti na Ikorongo. Sehemu ambazo wazee walizijua kwa miguu zikawa sehemu za kuombea kibali.

Kisha vikaja viwanja vidogo vya kushushia watalii, Seronera na vingine huku na huku. Seronera mpaka Arusha kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 225, ndiyo ile lisaa limoja ya staa wetu. Kwa gari ni kilomita zaidi ya 300, unapita hifadhini na Ngorongoro, siku inakaribia kuisha. Kulikuwa na mpango wa kupitisha barabara kubwa kaskazini mwa hifadhi kutokea Mugumu, ukapigwa kelele dunia nzima kwa sababu ya nyumbu wanaohama, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia lami kupita ndani ya hifadhi.

Mimi sipingi kulinda nyumbu, nawapenda, ndio jina letu duniani. Nasema tu kwamba nyumbu ana mawakili wazuri.

ANGA LA MWANZA LINA VITUKO

Turudi Mwanza. Baada ya vita ya pili, mwaka 1946, lilianza shirika la East African Airways, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Miaka hiyo ya Dakota DC-3, ndege iliyokuwa inakwenda chini ya kilomita 300 kwa saa, kilomita 850 zilikuwa ni masaa matatu na zaidi ya kutetemeshwa. Jumuiya ikavunjika 1977, na Machi mwaka huo huo Tanzania ikaanzisha Air Tanzania.

Miaka miwili tu mbele, vita ya Kagera. Gaddafi alikuwa anamsaidia Idi Amin, na mwishoni mwa Machi 1979 ndege kubwa ya kivita ya Libya ikaja kupiga Mwanza ikitokea Uganda. Kutoka Entebbe mpaka Mwanza ni chini ya kilomita 300, kwa ndege ile ni dakika chache. Shabaha ilikuwa matangi ya mafuta. Wakakosa kabisa! Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, palipokuwa na wanyama, yakaua swala kadhaa. Wale wanaokwenda Saanane wikiendi kupiga picha na miamba, sasa mnajua mmekanyaga wapi.

Halafu ndio ikaja ile niliyowaahidi.

SAFARI YA LISAA LIMOJA ILIYOISHIA ULAYA

Tarehe 26 Februari 1982 Boeing 737 ya Air Tanzania iliondoka Mwanza kwenda Dar. Safari ya kawaida kabisa, watu wamebeba samaki wao, wengine wanawahi kazini. Humo ndani kulikuwa na kikundi cha vijana wa Kitanzania waliokuwa na mpango wao. Wakaiteka.

Ndege ikaenda Nairobi. Ikatoka Nairobi ikaenda Jeddah. Kutoka Jeddah ikaenda Athens, Ugiriki, na mwisho ikatua Stansted, kiwanja cha karibu na London. Abiria aliyekata tiketi ya lisaa limoja na nusu akajikuta kwenye baridi ya Ulaya mwezi wa pili, na shati la mikono mifupi.

Vijana wale walikuwa wanataka Mwalimu Nyerere aachie urais. Mwalimu ambaye kwao ni Butiama, mkoa wetu wa Mara. Wakataka kuongea na Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa anaishi uhamishoni London. Baada ya kama siku nzima pale Stansted wakajisalimisha, abiria wakatoka, na wao wakashtakiwa huko huko Uingereza na kufungwa jela.

Majina yao siyaandiki hapa. Waliyofanya ni kosa na hakuna namna ya kulipamba, abiria wale nao walikuwa na watoto wanaowasubiri Dar. Ila angalia hesabu. Ndege ya kwanza ya London kuja Mwanza ilianza mwisho wa Februari 1931. Ndege ya Mwanza iliyofika London bila ratiba ilikuwa mwisho wa Februari 1982. Ni miaka 51, njia ile ile imegeuzwa kichwa chini miguu juu, na wiki nzima imekuwa masaa.

BEI IKASHUKA, IKAPANDA

Kwa miaka mingi baada ya hapo ndege ilikuwa ya wakubwa. Ukiona mtu ameshuka Mwanza na ndege unajua huyo ni wa serikali, wa mgodi, au wa kaburini, yaani maiti inasafirishwa. Mabadiliko tuliyoyaona sisi kizazi hiki ni ya Novemba 2012, Fastjet ilipoanza na safari za Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa bei za kuwahi. Ukikata mapema ulikuwa unaweza kukaribia nauli ya basi. Wanafunzi wa vyuo walipanda ndege, mama ntilie walipanda ndege. Watu walijipiga picha na kile chakula cha kununua!

Mwisho wa 2018 Fastjet ikasimama hapa nchini. Air Tanzania ilikuwa imefufuka tangu 2016 na Q400 zake, A220 ya kwanza ikatua Desemba 2018. Ndege zipo, lakini ile bei ya kuchekesha iliondoka na wenyewe.

MSIBA WA BABA MKUBWA

Sasa nieleze kwa nini haya mambo yananiuma.

Baba mkubwa alifariki Issenye. Familia ya Dar tukagawanyika. Sisi wenye hela ya mawazo tulipanda basi Mbezi alhamisi alfajiri, tukafika Bunda usiku wa manane, tukalala kwenye viti vya stendi, asubuhi tukapata gari la kupita Nyamuswa na Natta mpaka nyumbani. Miguu imevimba, vumbi mpaka kwenye kope.

Mtoto wa kwanza wa marehemu, kaka yetu mkubwa, alipata ruhusa kazini siku moja tu. Akakata tiketi ya ndege ijumaa asubuhi. Hesabu zake zilikuwa safi: lisaa limoja na nusu Mwanza, nusu saa kufika stendi ya Nyamhongolo, masaa matatu Bunda, mawili nyumbani, anafika saa tisa, tunazika saa kumi. Ujumbe ukaja asubuhi akiwa tayari kiwanjani kwamba ndege imesogezwa mpaka saa saba mchana. Hakuna aliyemwambia kwa nini.

Wazee walikaa kikao. Kuna waliotembea kutoka vijiji vya mbali, jua linaenda magharibi, na kwetu maiti haisubiri kiza. Saa kumi na moja tukazika. Kaka alifika saa tatu usiku kwa bodaboda kutoka Natta, amebeba kibegi chake kidogo cha ndege. Akaenda moja kwa moja kwenye udongo mbichi akapiga magoti. Bibi akamfuata na kandili, akasimama nyuma yake, akamwambia, "Umechoka mwanangu, umetoka mbali."

Mbali. Mtu wa lisaa limoja na nusu.

Nilihesabu usiku ule. Kaka aliamka saa tisa usiku, akafika saa tatu usiku, masaa kumi na nane. Angani alikaa lisaa limoja na nusu tu. Yaliyobaki yote yaliliwa na kusubiri, foleni, stendi na barabara ya vumbi.

SASA TUNAHESABUJE?

Ndiyo maana namba ya umbali kati ya viwanja viwili siiamini ikija peke yake. Inapima kutoka lami mpaka lami. Inamfaa mtu anayeishi karibu na lami zote mbili. Mtu wa Issenye anahitaji namba nyingine mbili zisizoandikwa kwenye tiketi: kutoka mlangoni mpaka kiwanjani, na kutoka kiwanjani mpaka mlangoni.

Kiwanja cha Musoma kimekuwa kikijengwa upya miaka ya karibuni. Sisi wa Mara tunakiangalia kwa macho yote. Kikipata ndege za uhakika na bei ya watu, mtu wa Issenye anaikwepa safari nzima ya Mwanza mpaka Bunda. Na barabara ya kutoka Makutano kwenda Natta na Mugumu ikiwa lami mwanzo mwisho, hicho kipande kitatuokoa masaa mengi kuliko jeti yoyote duniani. Jeti mpya ikiongeza kasi inatuokolea dakika kumi. Lami ya Natta inatuokolea mazishi.

Mababu waliita ile Njaa ya Miguu kwa sababu walijua nani alifanya kazi. Miaka zaidi ya 120 imepita, ndege zimepita juu yetu za kila aina, za barua, za kuhesabu nyumbu, za mabomu, za mastaa, na bado kipande cha mwisho cha safari ya kwetu kinamaliziwa na miguu au bodaboda.

Kwa hiyo mdau, siku nyingine mtu akikwambia kwao ni lisaa limoja tu, muulize kwa upole: umeanza kuhesabia wapi? Na wewe hesabu ya kwenu leo, kutoka mlango wa chumba chako mpaka kwenye mlango wa bibi. Ikikutisha, basi usisubiri msiba ndio uende.